MASHINE YA VYOMBO IMEKUFA: NANI ACHUKUE NAFASI YAKE?

Zamani mashine ya kuosha vyombo ilikuwa kitu cha kuonwa katika hoteli kubwa za watalii na katika nyumba za mabalozi. Siku hizi imeingia, japo kwa uchache, katika nyumba za watumishi wa serikali, wahadhiri, waganga na wafanyabiashara wa kadiri katika miji ya Dar es Salaam, Arusha, Mwanza na Dodoma. Wengine waliinunua dukani, wengine waliikuta katika nyumba waliyopanga, na wengine waliipata kwa mgeni aliyekuwa akirejea kwao na kuuza vyombo vyake vyote. Maadamu imeingia, imeanza pia kufa. Na namna watu wengi wanavyoitafutia badala yake mashine iliyokufa inaonyesha haraka kubwa na hesabu ndogo.

Jambo lenyewe hutokea hivi. Jioni moja mashine inagoma katikati ya kazi, maji machafu yametuama chini yake, taa nyekundu inawaka na kuzimika. Baba mwenye nyumba anatangaza kwamba imekwisha. Kesho yake asubuhi ama yeye yuko Kariakoo akiuliza bei, ama mama anapiga simu kijijini kwa shangazi kuuliza kama hakuna "mtoto wa kuja kusaidia kazi ndogo ndogo". Ununuzi wa papara na simu ya kijijini: hayo mawili ndiyo yanayopaswa kuchunguzwa.

Lakini kabla ya hayo, hapana budi kuuliza kama kweli mashine imekufa. Mashine hii, licha ya vitufe vyake vingi, kwa ndani ni chombo chepesi kueleweka. Koki ya umeme inafungua maji, maji yanalainishwa na kupashwa moto, pampu moja inayarusha kupitia mikono yenye matundu inayozunguka, yanaanguka juu ya sahani, yanachujwa na kurushwa tena. Mwisho pampu ya pili inayatoa nje. Maji yakituama chini, aghalabu kosa liko kwenye chujio lililojaa wali na miiba ya samaki, au kwenye mpira wa kutolea maji uliojikunja nyuma ya kabati, au kipande cha bilauri iliyovunjika kimekwama kwenye pampu. Sahani zikitoka na uchafu, huenda matundu ya mikono yamezibwa na chokaa, na kijiti cha kuchokolea meno kinatosha kuyafungua. Maji yasipoingia kabisa, kuna kichujio kidogo cha wavu mahali mpira wa maji unapoungana na mashine, na kila mkazi wa mji wenye mgawo wa maji anajua rangi ya maji yanayotoka bombani siku yanaporudi baada ya kukatika. Mchanga ule huishia kwenye wavu huo. Kazi zote hizi hufanywa na mtu yeyote mwenye bisibisi na subira, baada ya kuchomoa waya wa umeme ukutani na kufunga koki ya maji.

Pampu iliyoungua nayo si kifo. Pampu ya kutolea maji hufanana sana na ile ya mashine ya kufulia, na fundi mzuri wa mashine za kufulia huweza kuibadilisha. Kinachoua ni bao la elektroniki linaloongoza kazi zote. Likishaunguzwa na umeme unaopanda na kushuka, bei ya bao jipya, likipatikana, yaweza kukaribia nusu ya bei ya mashine nzima. Hapo ndipo mtu aruhusiwe kusema kwamba imekufa. Wapo waliotupa mashine nzima kwa sababu ya punje za wali.

Wahenga walisema mchagua jembe si mkulima. Katika shughuli hii, hata hivyo, asiyechagua ndiye anayekuja kulia baadaye, na anapaswa kuanza kuchagua nyumbani kwake, si dukani. Jambo la kwanza ni maji. Wenye kuuza mashine hizi hupenda kutaja utafiti uliofanywa na Chuo Kikuu cha Bonn, Ujerumani, ambapo watu kutoka nchi mbalimbali za Ulaya walipewa vyombo vya watu 12 waoshe kwa mikono, wakatumia wastani wa lita 100 hivi, ilhali mashine ilitumia sehemu ndogo tu ya maji hayo. Utafiti huo ni wa kweli, lakini ulihusu watu wa Ulaya, kila mmoja akiosha kwa desturi yake, wengine huku bomba likimwaga maji. Nyumba nyingi za Tanzania haziendi hivyo. Mama anayeosha kwa mabeseni mawili, moja la sabuni na moja la kusuuzia, hamalizi ndoo moja ya lita 20 kwa mlo mmoja. Kwa milo mitatu zitakuwa ndoo mbili au tatu, yaani lita 40 hadi 60 kwa siku. Mashine ya sasa hutumia kiasi cha lita 10 hadi 12 kwa mzunguko mmoja, na familia ya watu sita huweza kuosha mara moja kwa siku. Akiba ipo, na wakazi wa Dar es Salaam walioshuhudia mgawo wa mwaka 2022, wakati kina cha Mto Ruvu kilipopungua, wanajua thamani ya ndoo mbili. Ila akiba hiyo si ile inayotangazwa.

Aidha, maji yenyewe lazima yafike kwenye mashine kwa nguvu inayotakiwa. Walimu wa fizikia watakumbuka kwamba kila mita 10 za kimo cha maji huzaa kanieneo ya baa 1 hivi. Mashine nyingi hudai kanieneo isiyopungua baa 0.3, na nyingine baa 0.5. Sasa nyumba ngapi zinategemea tangi la plastiki lililowekwa juu ya mnara wa matofali wa mita tatu? Tangi hilo linatoa baa 0.3 kwa shida, na likipungua maji hutoa chini ya hapo kidogo. Mtu akinunua mashine inayodai baa 0.5, itakuwa ikisimama kila mara na kuonyesha taa ya kosa, naye atamlaumu aliyeiunda. Kipimo hiki huandikwa katika kitabu cha maelezo. Muuzaji aombwe akifungue kitabu hicho kabla pesa hazijatoka mfukoni.

Kisha kuna ugumu wa maji. Watumishi wengi waliohamia Dodoma tangu serikali ilipotangaza uhamisho huo mwaka 2016 walikwenda na mizigo yao ya Dar es Salaam, mashine ikiwemo, bila kufikiri kwamba maji yanayochimbwa ardhini, kama yale ya Makutupora ambayo mji huo umeyategemea kwa miaka mingi, hubeba madini kuliko maji ya mto. Hata Dar es Salaam kwenyewe, nyumba yenye kisima chake ni tofauti na nyumba ya jirani inayotumia maji ya Ruvu. Kipimo rahisi kimo jikoni: mtu afungue birika la umeme na kutazama chini. Kama kuna ukoga mweupe mgumu, maji yake ni magumu, na ukoga huo huo utakwenda kukaa kwenye kipasha moto na kwenye mikono ya mashine. Mashine zilizoundwa kwa soko la Ulaya huwa na sehemu ya kulainisha maji, ambayo hunyang'anya kalsiamu na magnesiamu na kuweka sodiamu mahali pake, nayo huhitaji kutiwa chumvi ya chembe kubwa mara kwa mara. Si chumvi ya mezani, kwa kuwa hiyo ina madini joto na vitu vya kuzuia isigande. Mashine nyingi zilizoundwa kwa ajili ya Marekani hazina sehemu hiyo. Mwenye maji magumu akinunua ya namna hiyo amejinunulia miaka michache ya matatizo.

Mashine za Marekani zina ila nyingine kubwa zaidi. Zimeundwa kwa umeme wa volti 120 na mizunguko 60, na umeme wa Tanzania ni volti 230 na mizunguko 50. Zinaletwa katika makontena pamoja na majokofu, zinang'aa, zina nafasi, na muuzaji husema kwamba transfoma itamaliza kila kitu. Transfoma hubadili volti. Mizunguko haiibadili, na mwisho wa siku pampu ndiyo huumia. Mashine hizo ziachwe pale pale zilipo.

Kuhusu umeme kwa jumla, sehemu kubwa ya umeme wa mashine hii huliwa na kupasha maji moto. Kipasha moto chake huvuta wati 1,800 hadi 2,200, kwa hiyo jenereta ndogo ya nyumbani ya kilowati moja haikiwezi, wala betri nyingi za umeme wa jua zilizofungwa kwa ajili ya taa na televisheni. Mzunguko mmoja hula uniti moja au pungufu kidogo. Kwa mwezi hizo ni uniti 25 hadi 30. Kwa bei ya shilingi 292 kwa uniti iliyotangazwa mwaka 2016, kabla ya kodi, ilikuwa ni kama shilingi 8,000 hivi, kiasi ambacho si cha kutisha. Lakini nyumba iliyo katika daraja la watumiaji wadogo, wasiozidi uniti 75 kwa mwezi, ambao walikuwa wakilipa shilingi 100 tu kwa uniti, ilipaswa kufanya hesabu nyingine: uniti 30 za mashine zingeweza kuitoa katika daraja hilo, na hapo gharama ya taa, jokofu na pasi nayo ingepanda pamoja. Nyumba yenye kipasha maji cha jua juu ya paa ina bahati, kwa kuwa mashine nyingi huruhusu kuungwa na maji ya moto yasiyozidi nyuzi 60, na hivyo jua hufanya sehemu kubwa ya kazi ya umeme.

Bwawa la Julius Nyerere, lenye uwezo wa megawati 2,115, lilianza kuzalisha umeme mwaka 2024, na upungufu ule wa 2023 haukuwa wa kusahaulika haraka. Hata hivyo, umeme kuwepo si sawa na umeme kutulia. Katika mitaa mingi volti bado hupanda na kushuka, na stabilaiza yenye uwezo wa kubeba mzigo huo ihesabiwe kuwa sehemu ya bei ya mashine. Vilevile muuzaji aulizwe swali ambalo wengi hawaliulizi: umeme ukikatika katikati ya kazi, je, mashine huendelea pale ilipofikia au huanza upya? Ile programu ya kubana matumizi huchukua saa tatu au nne, kwa sababu huosha kwa maji yasiyo moto sana na kulipia kwa muda. Mashine inayoanza upya kila umeme ukikatika inaweza kuosha sahani zile zile mpaka alfajiri.

Hapa pana mtego mmoja kwa wanaonunua mitumba. Tangu Machi 2021 nchi za Umoja wa Ulaya zilibadili alama za matumizi ya umeme, zikarudi kwenye herufi A hadi G na kuondoa zile A zenye misalaba mitatu. Mashine ya zamani yenye A na misalaba mitatu huonyeshwa na muuzaji wa mitumba kana kwamba ni ya ajabu, na mashine mpya yenye E huonekana kama takataka. Ukweli ni kwamba kipimo kilikazwa, na herufi za leo haziwezi kulinganishwa moja kwa moja na zile za zamani. Mtu asisome herufi, asome tarakimu: lebo mpya huandika uniti zinazotumika kwa mizunguko 100 na lita za maji kwa mzunguko mmoja. Kadhalika kanuni zilizoanza mwaka huo huo ziliwalazimisha waundaji kuweka vipuri sokoni kwa miaka 7 au 10 kutegemea aina ya kipuri, baada ya kuuza mashine ya mwisho ya toleo hilo. Kanuni hiyo haimlindi mnunuzi wa Tanzania moja kwa moja, lakini humsaidia kujua kwamba toleo lililouzwa Ulaya baada ya 2021 lina uwezekano mkubwa wa kupatiwa mpira wa mlango au kikapu kuliko toleo lisilojulikana lilikotoka. Anayenunua mtumba asilipe mpaka ameiona ikifanya kazi mzunguko mzima na maji ndani yake. Muuzaji anayekataa hilo amekwisha jibu.

Ukubwa hauna maneno mengi. Ya kawaida ina upana wa sentimita 60 na hubeba vyombo vya watu 12 hadi 14; nyembamba ina sentimita 45 na hubeba vya watu 9 au 10. Nafasi ipimwe kwa futi kamba, pamoja na nafasi ya mlango kufunguka bila kugonga jokofu.

Lakini vyombo gani? Swali hili ndilo linalosahauliwa kuliko yote, kwa sababu mashine hizi ziliwaziwa na watu wenye vyombo vya namna nyingine. Sufuria za alumini, ambazo ndizo nguzo ya jiko la Kitanzania, huharibiwa na sabuni kali ya mashine. Hutoka zimefifia na kuwa nyeusi. Mwiko, ubao wa kukatia mboga na mbuzi ya kukunia nazi hupasuka kwa joto na unyevu. Chungu hakiingii. Bakuli za plastiki nyepesi hujipinda. Masizi ya mkaa hayatoki. Na ukoko wa ugali, licha ya sabuni kuwa na vimeng'enya vinavyokata wanga, haung'oki usipolowekwa kwanza. Kinachobaki kwa mashine ni sahani, bilauri, vikombe, vijiko na sufuria za chuma kisichoshika kutu. Katika nyumba inayopika kwa sufuria za alumini, nusu ya kazi, tena nusu iliyo nzito, itabaki kwenye sinki.

Na nusu hiyo iliyobaki ndiyo inayorudisha ile simu ya kijijini. Anayenunua mashine hujisemea kwamba sasa hatahitaji msichana wa kazi. Ikishaharibika, au ikishaonekana kwamba sufuria haziingii, msichana anatafutwa. Mara nyingi anayekuja si mtu mzima aliyetafuta kazi kwa hiari yake. Ni mtoto wa miaka 12 au 13, aliyeahidiwa kwamba "atasomeshwa mjini". Sheria ya Ajira na Mahusiano Kazini ya mwaka 2004 inakataza kumwajiri mtoto aliye chini ya miaka 14. Walimu wanaosoma ukurasa huu wanamjua mtoto huyo vizuri kuliko mtu mwingine yeyote. Wanalijua jina lake katika daftari la mahudhurio, lenye alama za kutokuwepo wiki baada ya wiki, tangu Februari. Ni jambo la kusikitisha kwamba baadhi ya wanaompigia shangazi simu ni watumishi wa umma, wanaoijua sheria, na wengine wao walimu wenyewe.

Mashine ya kwanza iliyofaa kweli ilitokana na mwanamke wa Marekani, Josephine Cochrane wa Shelbyville, Illinois, aliyepewa hataza Desemba 1886 na kuonyesha mashine zake katika maonyesho makubwa ya Chicago ya mwaka 1893. Husimuliwa kwamba alichoka kuona watumishi wake wakipasua kingo za sahani zake za thamani. Yaani huruma yake ilikuwa kwa sahani. Lisilofaa ni kwamba miaka zaidi ya 100 baadaye bado zipo nyumba ambamo mashine huwekewa stabilaiza isiungue, na mtoto anayeichukulia nafasi hulala jikoni juu ya jamvi.

Haisemwi hapa kwamba kumwajiri mtu ni kosa. Mtu mzima aliyeajiriwa kwa mkataba, anayelipwa mshahara usiopungua kima kilichowekwa katika amri ya serikali, mwenye siku ya kupumzika na chumba cha kulala, ni mfanyakazi kama wafanyakazi wengine, na familia nyingi ambazo mume na mke wote huenda ofisini haziwezi kuendesha nyumba bila yeye. Lakini huyo hagharimu kidogo, na akiwekwa kwenye hesabu kwa haki, fundi wa pampu huonekana rahisi ghafla. Mtoto huonekana rahisi kuliko wote kwa sababu tu hakuna anayemhesabia chochote.

Lipo pia jibu ambalo katika nyumba nyingi halitajwi kabisa. Nyumba yenye watu sita ina mikono kumi na miwili. Minne kati yake aghalabu ni ya wavulana wa sekondari ambao, kwa mila iliyozoeleka, huacha sahani mezani na kwenda kutazama mpira, huku dada yao mdogo akiinama kwenye beseni. Wavulana hao hao wakiwa shule za bweni huosha sahani zao na kufua sare zao bila kudhurika. Wakirudi likizo husahau.

Basi anayekwenda dukani Jumamosi achukue karatasi na kuandika: kimo cha tangi, ukoga wa birika, uniti za mwezi uliopita, upana wa nafasi, na sufuria ngapi kati ya zile alizonazo zitaingia. Chini ya hapo aandike pia majina ya walio nyumbani na zamu ya kila mmoja ya kusugua zile zisizoingia: Jumatatu nani, Jumanne nani, na kijana wa kidato cha tatu siku gani.